Barua ya Wazi kwa Waziri wa Michezo: Na Akishinda, Nani Atakaa Naye?

Kayole, Nairobi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu. Wiki mbili zilizopita mama mmoja aliniuliza swali nikashindwa kulijibu. Nimelala nalo na kuamka nalo, na kwa kuwa limenizidi kimo, nakuletea wewe mwenye ofisi.

Mama huyu huuza chai na mandazi karibu na steji. Bintiye ana miaka 17 na hukimbia mita 800. Mimi ndiye kocha wake, ikiwa ukocha ni kusimama kando ya Spine Road alfajiri na saa mkononi huku makanga wakikupigia mbinja. Kazi inayonilisha ni kufundisha gredi ya sita. Msichana ameitwa kambini, timu ya vijana. Nilipompelekea mama habari hiyo nilitarajia vigelegele. Alifuta mikono kwenye leso, akageuza mandazi yaliyoanza kuwa meusi upande mmoja, kisha akaniuliza, "Na akishinda, Mwalimu?"

Nikamwambia akishinda tutasherehekea, mtaa mzima.

"Akishindwa najua," akasema. "Atarudi hapa tukande unga. Mimi nakuuliza akishinda. Nani atakaa naye?"

Nimekuwa katika riadha tangu nikiwa msichana, na wazazi wameniuliza mengi: nauli, viatu vya misumari, shule itakuwaje, kama mbio zitamharibia tumbo la uzazi (naam, hilo bado linaulizwa). Sikuwahi kusikia mzazi akiogopa ushindi. Nilirudi nyumbani nikamkumbuka Pamela Jelimo, mkimbiaji wetu wa mita 800.

Kuna wanaokumbuka jina lakini hawakumbuki jinsi mambo yalivyokwenda mbio, kwa hiyo niruhusu nisimulie. Jelimo alizaliwa Nandi, Desemba 1989, katika nyumba ya watoto tisa waliolelewa na mama peke yake, na mama huyo naye aliwahi kukimbia. Alipokuwa akikua hakuwa mtu wa mita 800. Mwaka 2007 alikuwa bingwa wa vijana wa Afrika katika mita 400. Mbio zake za kwanza za maana za mita 800 alizikimbia hapa Nairobi, Aprili 2008, katika mchujo wa kuchagua timu ya mashindano ya Afrika. Sikuwepo uwanjani siku ile. Nalisema wazi kwa sababu ukiwahesabu watu wote wa Nairobi wanaosema walikuwepo, hakuna uwanja katika nchi hii ungewatosha.

Kumbuka pia ulikuwa mwaka gani. Tulikuwa tumetoka kuchinjana kwa sababu ya kura. Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika mbio kwenye Olimpiki ya 1988, aliuawa Eldoret usiku wa kuamkia mwaka mpya. Mkataba wa kugawana serikali ulitiwa saini tarehe 28 Februari, na hapa Eastlands bado kulikuwa na majirani wasioamkiana. Ndipo msichana wa miaka 18, askari wa polisi, akaanza kukimbia mbio ambazo alikuwa hajazijua hata mwezi.

Mwanzoni mwa Mei alishinda Addis Ababa, na nyuma yake alikuwapo Maria Mutola wa Msumbiji, bingwa wa Olimpiki ya Sydney. Tarehe 24 Mei, Hengelo, akaandikisha dakika 1 na sekunde 55.76, rekodi ya dunia ya vijana. Wiki moja baadaye, Berlin, 1:54.99, akamnyang'anya Mutola rekodi ya Afrika iliyokuwa imekaa tangu 1994. Ukihesabu tangu ule mchujo wa Nairobi hadi Berlin, ni kama wiki sita. Mimi mwanafunzi wangu humchukua wiki sita kuacha kutazama nyuma kwenye kona.

Tunaofundisha mbio hizi tuna msemo wetu: mzunguko wa kwanza unakopa, mita ya 600 inadai. Kwa hiyo wakimbiaji wengi huingia kwa hadhari, wanabanana, wanapigana viwiko, wanangoja nani ataondoka. Jelimo hakungoja mtu. Alishika mbele mapema, akaendelea, na deni lilipofika alikuwa na pesa ya kulilipa. Ndivyo alivyofanya Beijing tarehe 18 Agosti 2008. Huku kwetu ilikuwa jioni. Nilikuwa kwenye hoteli moja ya mtaani, televisheni ndogo iko juu ya friji ya soda, na mhudumu alisimama na chapati mkononi hadi ikapoa. Muda ulikuwa 1:54.87. Wa pili alikuwa Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa Osaka 2007, Mkenya mwenzake. Watu wa makabila ambayo Januari hayakuwa yakisalimiana walirukiana shingoni. Sikuhadithiwa, nilirukiwa mimi mwenyewe, chai ikamwagika.

Hiyo ndiyo iliyokuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke wa Kenya. Wanawake wetu walianza kwenda Olimpiki Mexico mwaka 1968. Pauline Konga alipata fedha Atlanta 1996, medali ya kwanza kabisa ya mwanamke wetu. Catherine Ndereba akapata fedha Athens. Miaka 40 kutoka Mexico, na aliyevunja mwiko alikuwa mtoto ambaye kama angekuwa wa kwangu ningemwandikia barua ya ruhusa ya kwenda safari ya shule.

Siku 11 baadaye, Zurich, akakimbia 1:54.01. Wanawake wawili tu ndio waliokuwa wamewahi kwenda kasi kuliko hiyo, Jarmila Kratochvílová na Nadezhda Olizarenko, wote wa zama zile za miaka ya themanini ambazo kila mtu wa riadha huzitaja akikohoa kidogo kwa kushuku dawa. Kisha Brussels, mapema Septemba, akamaliza ushindi wa mikutano yote sita ya Golden League, ule mfululizo wa mashindano makubwa ya riadha ya mwaka, na kuchukua peke yake donge la dola milioni moja. Kwa shilingi ya wakati ule ilikuwa zaidi ya milioni 60.

Sasa Mheshimiwa, tulia hapo na mimi. Aprili hajulikani. Septemba ana dhahabu ya Olimpiki, rekodi ya Afrika na dola milioni moja. Umri: miaka 18, bado miezi mitatu afikishe 19.

Tunajua kumpokea mtu wa namna hiyo. Hilo nchi hii haifundishwi na mtu. Uwanja wa ndege kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kinakuwa tayari, wachezaji ngoma wako tayari, na wanasiasa wamepangana kama watu wanaosubiri matatu ya mwisho. Kila mmoja anataka kushika mkono uleule, picha ileile. Kisha gari linaondoka na vumbi linatulia.

Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia Berlin, Jelimo hakumaliza nusu fainali. Nakumbuka maneno ya mjini kuliko ninavyokumbuka mbio zenyewe. Kinyozi alisema pesa zimemharibu. Makanga alisema ameolewa, wanawake wakiolewa wamekwisha. Katika chumba cha walimu, nasikitika kusema, mwenzangu mmoja mwenye digrii alisema yaleyale kwa Kiswahili sanifu. Hakuna aliyeuliza mwili wa msichana aliyetoka sifuri hadi 1:54.01 katika miezi minne na siku kadhaa unahitaji nini. Hakuna aliyeuliza mtu wa miaka 19 anayepigiwa simu na binamu asiyemjua analala saa ngapi.

Na hakuwa amekwisha. Mwaka 2012 alirudi Istanbul akawa bingwa wa dunia wa mbio za ndani, mwanamke yuleyule tuliyekuwa tumemzika kwenye kinyozi. Mwaka huohuo Olimpiki ya London alimaliza wa nne. Miaka mitano baadaye aliyekuwa ameshinda, Mariya Savinova wa Urusi, alipokonywa medali kwa sababu ya dawa za kusisimua misuli, na Jelimo akapandishwa. Lakini kupandishwa kwa karatasi hakuna mursik. Umati wa London ulikuwa umeshakwenda nyumbani siku nyingi.

Ile 1:54.01 nayo, ukitaka kujua ukubwa wake, Lilian Odira, mama wa watoto wawili, aliposhinda ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025 kwa 1:54.62, alifuta rekodi ya mashindano iliyodumu tangu Helsinki 1983. Mbio za ajabu. Nililia. Na bado hakuifikia saa ya yule mtoto wa 2008.

Sijui Jelimo mwenyewe angesema nini juu ya haya na siandiki kwa niaba yake. Maisha yake ni yake. Ninachoandika ni juu yetu tuliobaki barabarani tukipiga makofi.

Maana hakuwa peke yake mwaka ule. Samuel Wanjiru alileta dhahabu ya marathoni kutoka Beijing hiyohiyo, Mkenya wa kwanza kuishinda, akiwa na miaka 21. Mei 2011 alikufa Nyahururu akiwa na miaka 24. Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika akiwa na miaka 19. Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, na kesi ikamfikia mumewe. Alikuwa na miaka 25. Wote hawa nchi iliwajua majina na muda waliokimbia. Ni nani alijua jioni zao zilikuwaje?

Nami nina kakesi kangu kadogo, ingawa haka hakafai kutajwa katika ukurasa mmoja na hao. Nilipokuwa na miaka 19 nilishinda mbio za barabarani katika mji mmoja nisioutaja, zawadi shilingi elfu arobaini. Bwana aliyetupeleka alisema atanitunzia, kwa sababu matatu ya usiku ina wezi. Hadi leo anazitunza. Sikumwambia mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuambiwa. Nilikuwa na kocha wa kunipangia mbio, na mama wa kuniombea. Katikati hapakuwa na kitu.

Katikati hapo ndipo ninapoomba uweke mtu.

Najua nitajibiwa kwamba wana mameneja. Ndiyo, wanao, na wengine ni watu wa heshima. Lakini meneja hula asilimia ya mbio zilizokimbiwa. Msichana akipumzika mwezi mzima kwa ajili ya kisigino, meneja naye anafunga mwezi mzima. Huwezi kumkabidhi paka maziwa kisha ukamlaumu kwa kulamba ndevu. Kocha? Kocha anataka jina. Hata mimi, ninayejiona mtakatifu hapa Kayole, wiki iliyopita nilimwongezea msichana huyu mzunguko mmoja ambao mguu wake haukuutaka, kwa sababu nilitaka kuiona ile saa. Mume au mchumba? Tumeshazika wasichana kwa sababu ya jibu hilo. Maafisa wa timu? Wanaondoka naye uwanja wa ndege na wanaachana naye uwanja wa ndege.

Mtu ninayemwomba asiwe anakula kutokana na miguu yake. Alipwe na serikali, mshahara wa mwezi, msichana ashinde asishinde. Awe mwanamke. Apewe wasichana wachache, watano au sita, wala si mia. Awe ameshika faili ya kila mmoja tangu siku anapoitwa kambini kwa mara ya kwanza, na faili isifungwe kabla ya miaka mitano kupita, hata kama msichana ameachwa nje ya timu, hasa kama ameachwa nje ya timu. Mkataba ukija, usomwe naye kwa lugha ambayo mama yake anaielewa kabla mtu hajatia sahihi. Hati ya shamba ikinunuliwa, ionekane ina jina la nani. Akija mtu na sindano akisema ni vitamini, kuwe na mtu wa kupigiwa simu usiku huohuo. Akija mtu na ngumi, vilevile.

Walio tayari kuifanya kazi hiyo tunao. Hii nchi imejaa wanawake wa miaka 35, 40, 50 waliokwisha pita njia hiyo, wenye medali kwenye kabati na makovu wanayoyajua wao. Tunawaita siku ya kufungua mashindano, tunawapa kofia na fulana na chupa ya maji, wanapunga mkono, wanaenda zao. Wape kazi, Mheshimiwa. Wengi watakubali kwa pesa ambayo wizara huitumia kwa hema na viti siku moja.

Na usiniambie hakuna fungu. Mwaka 2022 tulipokuwa karibu kufungiwa na dunia kwa sababu ya dawa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano, na tukaponea. Zilipatikana kwa sababu bendera ilikuwa hatarini. Nami nakubali zilistahili kupatikana. Nauliza tu kama msichana akiwa hatarini hilo nalo linaitwa dharura.

Ukitaka ushahidi kwamba mtu wa karibu huleta tofauti, sitakupeleka mbali. Faith Kipyegon alikwenda London 2012 akiwa na miaka 18, umri uleule wa Jelimo, akatolewa kwenye raundi ya kwanza ya mita 1500. Hakuna aliyempokea kwa mursik kwa jambo hilo. Lakini alikuwa na mahali pa kurudi, akakua taratibu, akapata fedha ya dunia Beijing 2015, dhahabu ya Olimpiki Rio 2016. Juni 2018 akajifungua binti, kisha akapata nafasi kule Kaptagat kwa kocha Patrick Sang. Doha 2019 akarudi na fedha. Kisha dhahabu Tokyo, kisha dhahabu Paris, na leo hakuna mwanadamu mwingine, mume kwa mke, aliyeshinda mita 1500 za Olimpiki mara tatu. Kipaji alipewa na Mungu, sikatai. Ila ule mwaka wa kunyonyesha, ambao wengine wangeuita mwisho, kulikuwa na watu waliouita mapumziko.

Isiwe bahati nasibu, basi. Isiwe kwamba huyu alidondokea kwa watu wema na yule akadondokea kwa binamu.

Kuna hesabu ndogo ambayo wizara yako inaweza kuifanya bila kamati. Kasarani tuliandaa mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 18 mwaka 2017, na siku ya mwisho watu walifurika hadi ngazini. Mwaka 2021 tukaandaa ya chini ya miaka 20, viti vitupu kwa sababu ya korona. Chukua orodha ya wasichana wa Kenya waliopanda jukwaani mara zote mbili. Mwombe karani wako awapigie simu mmoja mmoja. Asiwaulize muda wao. Awaulize tu wako wapi, wanaishi na nani, na mara ya mwisho ofisi yoyote ya serikali kuwatafuta ilikuwa lini. Jibu litakalotoka, liweke mezani kabla ya kuniambia ninatia chumvi.

Msichana wangu anaondoka Jumatatu. Nimemnunulia soksi mbili na daftari. Uwanja tunaofanyia mazoezi ni wa shule, mistari tunaichora kwa majivu, na kona moja ina shimo ambalo amelizoea kiasi kwamba hulikwepa akiwa amefumba macho. Nimemwonya kwamba huko aendako mashimo hakuna, asirukeruke bure. Akacheka. Hajui mama yake aliniuliza nini, na nisingependa ajue kabla hajamaliza kambi.

Siombi ahadi wala ziara ya waziri mtaani, maana ukija watafagia barabara siku moja na mama atafukuzwa steji ili msafara upite. Naomba jina moja la mtu na nambari yake ya simu, yenye kushikwa. Mama hana barua pepe. Anapatikana kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne, upande wa kushoto wa steji unapotoka mjini, penye mwavuli wa kijani.

Wako,
Mwalimu wa michezo, Kayole